Staa Kavuta Mkwanja, Jamaa Bado Kapinda: Ukweli wa "Mawimbi" Wanayouziwa Wanaume Mjini

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Mchekeshaji mmoja mwenye wafuasi kibao, jina kapuni, amekaa kwenye kochi jeupe. Pembeni yake kuna mashine yenye mpini kama drya ya saluni. Mkononi kashika ndizi iliyopinda. Anaiweka chini, anachukua tango lililonyooka, anakonyeza kamera. Chini yanatokea maandishi: vikao sita tu, unanyooka. Halafu namba ya simu.

Watu wamecheka mbavu hawana. Komenti zimefurika, vimoto kila kona, washkaji wanatagiana. Staa kavuta chake, klinik imepata wateja, maisha yanaendelea.

Ishu ni kwamba nyuma ya hicho kicheko kuna wanaume wanaoumwa kweli, na wanachouziwa hakifanyi kile kinachotangazwa. Tuiweke wazi mapema ili asiyefika mwisho naye aondoke na kitu: mawimbi ya mshtuko hayanyooshi uume uliopindishwa na ugonjwa. Kwenye maumivu yanaweza kumsaidia mtu. Kunyoosha, hapana.

Kwanza, huu ugonjwa ni upi?

Unaitwa ugonjwa wa Peyronie. Jina limetoka kwa François Gigot de la Peyronie, daktari wa upasuaji wa mfalme Louis XV wa Ufaransa, aliyeuelezea mwaka 1743. Kwa hiyo siyo ugonjwa wa kizazi cha TikTok. Siyo kurogwa na mchepuko, siyo kaswende, siyo kansa, na mtu hamwambukizi mwenzake.

Ndani ya uume kuna mirija miwili inayojaa damu mwanaume anaposimamisha. Mirija hiyo imezungushiwa utando mgumu kiasi lakini unaovutika. Utando ukiumia, mwili unaziba jeraha. Kwa baadhi ya watu kuziba kunapitiliza, linabaki kovu gumu, na kovu halivutiki. Chukua puto, bandika selotepu upande mmoja, halafu lipulize. Litapinda kuelekea kwenye selotepu. Basi ndiyo hivyohivyo.

Kuumia kwenyewe mara nyingi siyo ajali kubwa. Ni vijeraha vidogo vidogo vya kwenye tendo ambavyo mtu wala havikumbuki. Ugonjwa unaonekana zaidi kwa wanaume wa miaka 40 kwenda juu, hasa waliovuka 50, lakini vijana nao wanaupata. Mwenye kisukari yuko kwenye hatari zaidi, na hata wale ambao vidole vyao vya mkono vinajikunja kwa sababu ya utando wa kiganjani kuwa mgumu.

Dalili zake: kinundu au sehemu ngumu ukigusa, maumivu hasa wakati wa kusimama, kupinda ambako hakukuwepo zamani, uume kufupika au kubonyea katikati. Wengine nguvu nazo zinapungua.

Ugonjwa una awamu mbili. Ya kwanza ni ya moto: maumivu yapo na kupinda kunabadilika, na inaweza kuchukua miezi 6 hadi 18. Ya pili ni ya utulivu: maumivu yanaisha au yanapungua sana, na kupinda kunabaki pale kulipofikia. Shikilia hili la awamu mbili, maana biashara yote imejengwa juu yake.

Vijana, subirini kidogo

Kabla kijana wa miaka 22 hajakimbilia kioo: kupinda kidogo ni kawaida kabisa. Wanaume wengi hawako kama rula. Kama uko hivyo tangu ulipobalehe, hakuna kinundu, hakuna maumivu na mambo yanakwenda, huna ugonjwa wa Peyronie. Na kama ulizaliwa umepinda sana kiasi cha kushindwa tendo, hilo ni tatizo lingine lisilo na kovu, na linarekebishwa kwa upasuaji. Anayekuwekea mashine ya kuvunja kovu wakati kovu lenyewe halipo, huyo anakuchezea akili.

Yaliyomkuta MC

Sasa njoo kwa MC mmoja wa maharusi, naye jina kapuni, anayejulikana sana upande wa Kinondoni. Ana miaka 38, mke na watoto wawili. Siku moja kwenye mambo yake aliteleza vibaya, akasikia maumivu, akapotezea. Wiki kadhaa baadaye akagusa kitu kigumu kama punje ya harage. Baadaye akaona anapinda kwenda juu, na kila mwezi kunazidi.

Akafanya wanachofanya wengi: akanyamaza. Akaanza kulala sebuleni kwa kisingizio cha mpira. Akaanza kurudi saa nane za usiku hata siku ambazo hakuna harusi. Mkewe akajumlisha moja na moja, akapata mchepuko. "Baba Junior, kama umepata mwingine niambie, nisizeekee kwenye nyumba ya watu." MC akaona bora aonekane msaliti kuliko kusema ukweli. Hebu fikiria hapo. Mtu yuko tayari kuivunja ndoa yake ili asitamke kwamba anaumwa.

Tangazo la klinik likamkuta katika hali hiyo. Hakuna foleni, hakuna faili, hakuna nesi wa kuita jina kwa sauti. Unaingia inboksi, unatuma hela, unapangiwa muda. Laki mbili na nusu kila kikao, vikao sita. Piga hesabu: milioni moja na nusu. Hela ilikuwa ya kununua spika mpya za kazi.

Baada ya kikao cha nne maumivu yakaisha. Jamaa akafurahi, akawatumia ujumbe wa shukrani: maumivu kwisha, Mungu awabariki. Siku ya pili ujumbe wake ukapostiwa kwenye ukurasa wao, jina limefichwa, juu yake wameandika: "Mteja mwingine kanyooka!"

Hakunyooka. Kupinda kulikuwa kumezidi. Lakini kwenye mtandao MC tayari ni ushahidi.

Mawimbi yalitoka wapi?

Haya mambo hayakuanzia kwa matapeli, tuwe wa haki. Mwaka 1980 kule Munich, Ujerumani, madaktari walianza kutumia mawimbi ya mshtuko kuvunja mawe ya kwenye figo bila kumchana mgonjwa. Ilikuwa mapinduzi, na mpaka leo hospitali zinatumia njia hiyo.

Wengine wakawaza: kama wimbi linavunja jiwe, si litavunja na kovu? Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 watu wakaanza kulijaribu kwa wagonjwa wa Peyronie. Wazo linaingia akilini haraka, ndiyo maana linauzika. Ila jiwe la figo ni kitu kikavu kinachopasuka, vipande vikatoka na mkojo. Kovu ni nyama. Halipasuki kama jiwe, na hata lingepasuka halina njia ya kutokea.

Halafu wazo likapimwa, kama inavyotakiwa. Ujerumani ilitoka ripoti mwaka 2013 ya wagonjwa 102 waliogawanywa makundi mawili: hawa wakapigwa mawimbi ya kweli, wale wakawekewa mashine isiyotoa mawimbi bila wao kujua. Kati ya waliokuwa na maumivu, kundi la mawimbi walipata nafuu 17 kati ya 20. Kundi la mashine ya uongo walipata nafuu 12 kati ya 25. Kwa hiyo kwenye maumivu kuna kitu. Kwenye kupinda na ukubwa wa kovu, hakukuwa na faida ya kujivunia. Tena kuna wachache ambao kovu lao lilikua, na wote walikuwa wa kundi la mawimbi.

Wanaotetea mawimbi nao wana karata yao: utafiti wa Italia wa mwaka 2009 kwa wagonjwa 100. Pale waliopigwa mawimbi kupinda kwao kulibaki kama kulivyokuwa, wakati wasiopigwa walizidi kidogo. Sawa, ni hoja. Ila soma tena: kulibaki kama kulivyokuwa. Hata karata yao nzuri haisemi kwamba mtu alinyooka.

Ndiyo maana mwaka 2015 chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo cha Marekani kiliandika kwenye mwongozo wake kwamba mawimbi yasitumike kupunguza kupinda wala ukubwa wa kovu, ila yanaweza kutumika kupunguza maumivu. Wenzao wa Ulaya wanasema hivyohivyo. Siyo siri ya kufichuliwa na mtandao. Imeandikwa, kila mwenye bando anaweza kusoma.

Kwa nini ushuhuda unaonekana wa kweli?

Hapa ndipo wengi wanapigwa, tena wajanja.

Rudi kwenye awamu mbili. Maumivu ya ugonjwa huu kwa wengi huisha yenyewe. Utafiti mmoja wa Marekani uliotoka mwaka 2006 uliwafuatilia wanaume 246 ambao hawakupewa tiba yoyote. Kati ya waliokuwa na maumivu, asilimia 89 yaliisha kabisa. Lakini kupinda kulipungua kwa asilimia 12 tu ya wagonjwa, kulibaki palepale kwa asilimia 40, na kulizidi kwa asilimia 48.

Sasa weka biashara hapo katikati. Mtu anakuja na maumivu, analipia vikao sita, wiki zinapita, maumivu yanaisha. Angekaa nyumbani anakula ugali na dagaa, uwezekano mkubwa yangeisha vilevile, ila yangechelewa kidogo. Yeye anaipa sifa mashine. Na wale 12 kati ya 100 waliopungua kupinda bila kufanya kitu, ukiwapitisha klinik, wote watarekodi klipu ya shukrani. Wale 48 waliozidi hawarekodi kitu. Nani atajipiga picha aseme nimelipa milioni na nimezidi kupinda?

Ushuhuda siyo lazima uwe wa uongo ili ukudanganye. MC hakudanganya. Alisema maumivu yameisha, na kweli yaliisha.

Kuna mchezo mwingine wa kuchanganya mafaili. Mawimbi yale ya nguvu ndogo yamefanyiwa utafiti kwa wanaume wenye upungufu wa nguvu za kiume, na mjadala wake bado unaendelea. Hilo ni swali lingine. Tangazo linachukua matumaini ya kule linayabandika huku.

Na mashine zenyewe hazifanani. Nyingi zinazokaa kwenye spa na vyumba vya masaji ni zile za kugongagonga juu juu, nguvu yake inaishia karibu na ngozi. Zilizotumika kwenye tafiti zinalenga wimbi sehemu moja ndani. Kwa hiyo inawezekana hata kile kidogo kilichothibitishwa kwenye maumivu, wewe hujakinunua.

Kipi kinafanya kazi?

Siyo kwamba mgonjwa hana pa kushika.

Akiwa kwenye awamu ya moto, daktari anaweza kumpa dawa za maumivu, kumpima, na kumfuatilia. Hapa mawimbi kwa ajili ya maumivu yanaweza kujadiliwa, mgonjwa akiwa ameambiwa ukweli wote.

Vipo vifaa vya kuvuta vinavyovaliwa taratibu kwa muda mrefu kila siku, kwa usimamizi. Vinahitaji uvumilivu, siyo vya wenye haraka.

Zipo sindano za kwenye kovu. Moja ya kimeng'enya iliidhinishwa Marekani Desemba 2013 kwa waliopinda kuanzia nyuzi 30. Kwenye majaribio yake ilipunguza kupinda kwa wastani wa asilimia 34, wakati sindano ya maji ilipunguza asilimia 18. Ni msaada, siyo muujiza, tena ni ghali na soko la Ulaya iliondolewa mwaka 2020.

Upo upasuaji, na ndio unaonyoosha kwa uhakika zaidi. Lakini unafanywa ugonjwa ukishatulia, na una gharama zake: uume unaweza kufupika kidogo au hisia zikapungua. Aliyepinda na nguvu nazo zimekata anaweza kuwekewa kipandikizi. Daktari wa kweli anakuambia haya yote kabla hujalipa. Mwenye mashine anakuambia "haina madhara", halafu anauliza unalipa kwa simu au keshi.

Vidonge vya vitamini E vinavyouzwa kama dawa ya kunyoosha? Mwongozo uleule wa 2015 unasema visitolewe kwa ugonjwa huu. Na kujinyoosha mwenyewe kwa mikono kwa nguvu ni kutafuta jeraha jipya juu ya la zamani.

Jingine muhimu: mtu akisikia mlio wa "ko!" wakati wa tendo, uume ukalala ghafla, ukavimba na kubadilika rangi, hiyo siyo ya kusubiri. Ni dharura, aende hospitali usiku huohuo.

Lawama zigawanywe

Klinik ina lawama yake, hilo halina mjadala. Kuuza nafuu ya maumivu kwa jina la kunyoosha ni kumwibia mgonjwa, hata kama risiti imetoka.

Staa naye asijifiche nyuma ya kicheko. Ukitangaza sabuni na ikawa mbaya, mtu ananuka povu siku moja basi. Ukitangaza tiba, mtu anapoteza ada ya mtoto na muda ambao hauridi. Kabla ya kushika tango mbele ya kamera alitakiwa kuuliza maswali mawili tu: daktari wenu ni nani, na kuna ushahidi gani kwamba inanyoosha? Kama hakuuliza, aliuza wafuasi wake. Hela kaila, jibu bado anadaiwa.

Na wadau wa komenti nao wana sehemu yao, hata kama inauma. Kila "mwana kapinda kama ndoano", kila stika ya ndizi, kuna mwanaume mmoja kimya anayeisoma na kuamua hatamwambia mtu. Akishaamua hivyo, amebakiza mlango mmoja tu: ule wa inboksi. Wanaocheka wanamfanyia kazi muuza mashine, tena bure.

Hakuna anayesema watu wasitaniane. Mjini bila utani hapaliki. Ila mtu akisema goti linauma, anapewa namba ya daktari. Akisema huku chini kuna shida, anapewa jina la utani mpaka kaburini. Halafu watu wanashangaa wanaume hawaendi hospitali.

Afanye nini mwenye tatizo?

Aanze na hospitali, siyo ukurasa wa Insta. Daktari wa kawaida anaweza kumwandikia rufaa kwa daktari wa mfumo wa mkojo. Wapo Muhimbili, wapo KCMC Moshi, wapo Bugando Mwanza. Hawatashangaa, wameona makubwa zaidi ya hayo.

Apige picha uume ukiwa umesimama, kwa simu yake, kwa ajili ya daktari tu, maana daktari akimwona umelala hawezi kujua umepinda kiasi gani. Picha isipite kwenye inboksi ya klinik wala kwa mshkaji.

Apimwe na kisukari, maana wengi wanacho na hawajui.

Akikutana na mtu anayemuuzia tiba, aulize jina lake na kama amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Mashine nayo, aulize kama TMDA inaitambua. Anayekasirika kuulizwa, keshajibu.

Na amwambie mwenza wake. MC alichelewa, ila alisema. Mkewe alilia, halafu akamuuliza kwa nini alimfanya aumie mwaka mzima kwa mwanamke asiyekuwepo. Wakaenda hospitali pamoja. Daktari akampima, akamwambia, "Kaka, bado hujatulia, tusubiri kwanza, kisha tutaamua pamoja." Hakuna milioni iliyotajwa siku hiyo. Bado amepinda. Lakini analala chumbani.

Milioni na nusu hairudi. Spika za kazi anakodi mpaka leo. Na kwenye ukurasa wa klinik ujumbe wake bado upo, unaendelea kuita wengine.

Haya wadau, uwanja ni wenu: staa akitangaza tiba isiyofanya kazi, arudishe hela au aombe radhi tu inatosha? Dondosha komenti. Na kama una la kwako la kuuliza, tumia jina la kubuni. Atakayekucheka hapo chini, mwache ajulikane yeye.